Hita ya mama

Msimu huu wa kipupwe mama hutawadha alfajiri kwa maji ya uvuguvugu, maana magoti yake hayataki baridi. Juzi akanipigia: "Mwanangu, nikiwasha hita tu, umeme wa nyumba nzima unakatika."

Nikaenda kwake Jang'ombe, mtaa wa hapa mjini Unguja. Hita ni ya lita 50, koili yake, ile inayochemsha maji ndani ya tangi, ni ya wati 1,500. Nikazima swichi kuu, nikafunga maji, nikamwaga tangi, nikapima koili kwa mita. Kwa volti 230, koili nzima ya wati hizo husoma kama omu 35, na yetu ilisoma hivyo hivyo. Lakini nilipopima kati ya ncha ya koili na bati la hita, mita ikasoma pia: umeme ulikuwa unavuja. Swichi ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja, ndiyo iliyokuwa ikimlinda mama yangu. Nawaombeni sana, fundi akikwambieni aiunge hita bila kupitia swichi hiyo, mkataeni.

Koili ilitoka na ukoko mweupe wa chokaa, mzito kuliko wa chungu cha wali. Maji yetu ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe. Chokaa ikiganda, joto halitoki, koili inaungua na ganda lake linapasuka. Na ile fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ilibaki waya mtupu.

Koili na fimbo mpya nikavipata sokoni Darajani, pamoja na mpira mpya wa kuzibia koili isivuje maji, nikavifunga. Nikajaza tangi mpaka bomba la moto likatoa maji bila hewa, ndipo nikawasha. Saa moja na nusu hivi, uniti mbili za tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, mama akapata maji yake.