Kituo cha Sanaa Kinahitaji Mikono Kabla ya Vipaji

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kujitolea katika kituo cha sanaa huanza kwa kuomba radhi: hawajui kuchora, hawajui kuimba, hawajawahi kushika udongo wa mfinyanzi. Huwajibu kwamba hilo si kikwazo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inayokiwezesha kituo kidogo kuendelea haihitaji kipaji cha sanaa hata kidogo. Inahitaji mtu anayefika saa aliyoahidi, anayekubali kufundishwa kazi mahsusi, na anayeimaliza. Kituo cha mji mdogo mara nyingi huwa na mwajiriwa mmoja au wawili, na pengine hakina hata mmoja. Wakati huohuo kinatarajiwa kuendesha maonyesho, madarasa ya watoto, vipindi vya jioni kwa watu wazima, mazoezi ya ngoma na kwaya, pamoja na mikutano ya wakazi wasio na ukumbi mwingine. Pengo hilo huzibwa na watu wa kujitolea, na likikosa wa kuliziba, milango hufungwa.

Naomba nianze na ufinyanzi, maana ndiko ninakofanyia zamu zangu. Darasa la ufinyanzi hupendwa na watu wa rika zote, lakini yanayofanyika baada ya wanafunzi kurudi nyumbani ndiyo yanayoamua kama vyombo vyao vitapona. Chombo chenye unyevu kikiingizwa tanurini, maji yaliyomo hugeuka mvuke joto linapopita nyuzi 100 za Selsiasi, na mvuke uliokosa pa kutokea hukipasua chombo hicho na kuviharibu vilivyo jirani. Kwa hiyo anayepanga tanuri hukigusisha kila chombo shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji, na hurudishwa rafuni kikauke. Baada ya hapo moto huongezwa polepole, hasa katika nyuzi 573, ambapo chembe za silika, madini ya aina ya mchanga yaliyomo katika udongo, hubadili umbo na kutanuka kwa ghafla, hadi kufikia takriban nyuzi 1,000 kwa uchomaji wa kwanza. Tanuri halifunguliwi likiwa bado na moto mkali, hata kama mtoto aliyefinyanga bakuli lake la kwanza amekwisha kufika na anasubiri mlangoni. Kazi yote hii hufanywa vizuri na mtu mtulivu, mwenye kuandika nyuzi za joto kwenye daftari kila baada ya muda uliopangwa, awe amewahi kufinyanga au la.

Silika hiyohiyo ndiyo inayofanya usafi wa karakana kuwa kazi ya kufundishwa. Vumbi la udongo mkavu, likivutwa pumzini kwa miaka, huathiri mapafu. Kwa sababu hiyo sakafu ya chumba cha ufinyanzi haifagiliwi kwa ufagio mkavu, bali hupigwa deki, na meza hufutwa kwa sponji lenye maji. Katika chumba cha uchoraji hatari ni nyingine. Matambara yaliyofutia mafuta ya mbegu za kitani hutoa joto yanapokauka, na yakirundikwa pamoja yanaweza kushika moto yenyewe bila kuguswa na kiberiti. Hutandazwa nje moja moja, au hutiwa ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kifuniko. Ninayataja haya kwa makusudi, kwa sababu nimeona wageni wakikabidhiwa ufagio bila neno la maelezo, kana kwamba usafi haustahili mafunzo.

Maonyesho nayo yana elimu yake, na mtu aliyezoea useremala au ujenzi hupata nafasi nzuri hapa. Picha hutundikwa ili katikati yake ifike sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya watu wengi waliosimama, ingawa mimi hupendelea ishushwe kidogo pale wageni wengi wanapokuwa watoto au watumiaji wa viti vya magurudumu. Picha nzito hutundikwa kwenye ndoano mbili badala ya moja ili isiyumbe, na pima maji huwekwa juu ya fremu kabla ya mtu kushuka ngazini. Mwanga hupimwa kwa luksi: picha za rangi za maji, michoro ya karatasi na vitambaa huangaziwa kwa luksi 50 hivi, na picha za rangi za mafuta kwa luksi 200 hivi, kwa kuwa madhara ya mwanga hujilimbikiza na rangi ikishafifia hairudi tena.

Kuhusu vipindi vya watoto sitaki mjadala mrefu. Wawepo watu wazima wawili katika kila darasa, wachunguzwe kabla ya kupangiwa zamu, na jina la anayemchukua mtoto liandikwe. Kituo kinachoona aibu kuwauliza watu wa kujitolea maswali hayo hakijawa tayari kupokea watoto.

Jambo linalonigusa zaidi ni jinsi vipindi vinavyochaguliwa. Mara nyingi kamati hukaa, hutunga ratiba ya kupendeza, kisha hushangaa viti vinapobaki vitupu. Wazee huogopa kutembea usiku, wazazi hawana wa kuwaachia watoto, na vijana wanaofanya kazi za zamu hawawezi kuahidi siku ileile kila wiki. Anayejua mambo haya ni yule mtu wa kujitolea anayekaa mapokezi, kwa sababu ndiye anayeulizwa, "Je, hakuna darasa la asubuhi?" Ningependa kila kituo kimpe mtu huyo daftari la kuandikia maswali hayo, na kimpe nafasi ya kuyasoma mbele ya kamati. Darasa la uchoraji la asubuhi kwa wazee, likiendeshwa sambamba na chumba cha michezo kwa wajukuu wao, huweza kuujaza ukumbi ambao tangazo zuri lilishindwa kuujaza.

Mpango wa wakazi kubeba kituo chao una historia. Nchini Marekani, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, serikali ya shirikisho ilianzisha mwaka 1935 mradi wa sanaa uliozaa vituo vya jamii zaidi ya 100, vingi vikiwa katika miji midogo isiyokuwa na jumba la sanaa. Serikali iliwalipa walimu na wasanii, nao wakazi walitakiwa kuchangia gharama za majengo na vifaa. Mradi ulipofungwa mwaka 1943, vituo vingi vilikufa pamoja nao. Miongoni mwa vilivyosalia ni South Side Community Art Center, ambacho kipo katika jiji kubwa la Chicago lakini kilijengwa kwa nguvu za mtaa wake: kabla hakijafunguliwa mwaka 1940, wakazi Weusi walichangisha fedha za jengo, hata kwa sarafu za senti kumi zilizokusanywa barabarani. Mmoja wa wakusanyaji alikuwa Margaret Burroughs, msanii kijana ambaye mwaka 1961 alishiriki kuanzisha makumbusho ya historia ya Weusi katika jiji hilohilo. Kituo kingali katika jengo lilelile, na siamini kwamba ni bahati tu.

Ukitaka kujitolea, basi, muulize msimamizi nani atakufundisha, zamu yako inaanza na kuisha saa ngapi, na utamtaarifu nani ukiugua. Asipokuwa na majibu, usikate tamaa wala usiondoke. Jitolee kuandaa ratiba ya zamu yenyewe, kwa maana katika vituo vingi vidogo hiyo ndiyo kazi ya kwanza inayokosa mtu, na karatasi moja iliyobandikwa jikoni, yenye majina, saa na namba za simu, inatosha kwa mwezi wa kwanza.