Taa ikiwashwa, kompyuta ya baiskeli inaduwaa: nilivyolimaliza tatizo

Mchana kompyuta yangu ya baiskeli, ile isiyo na waya, haikuwa na neno. Usiku nikiwasha taa ya mbele, kasi inashuka hadi sifuri na mimi bado nakanyaga pedeli, au inaruka ghafla na kudai naenda kilomita 90 kwa saa. Nikizima taa, namba zinatulia.

Nilianza na betri ya kihisio (kifaa kinachohisi mzunguko wa gurudumu na kuiarifu kompyuta), ile bapa ya CR2032, maana betri iliyochoka hutoa mawimbi dhaifu ambayo kelele kidogo tu, yaani mawimbi ya umeme yasiyotakiwa, huyafunika. Hali ikawa nafuu, lakini haikuisha.

Kompyuta za aina hii zinafanya kazi kirahisi mno. Sumaku iliyofungwa kwenye spoki ikipita mbele ya kihisio, kinatuma mdundo mmoja wa mawimbi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa masafa (frikwensi) ya chini, na haufiki mbali: sentimita 70 hivi. Mdundo wenyewe hauna alama yoyote ya kuutambulisha, kwa hiyo kompyuta hupokea chochote kinachofanana nao. Taa ya LED nayo ina saketi inayokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kurekebisha volti. Ukipunguza mwanga, taa nyingi huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na kukatakata huko nako hurusha kelele. Ndiyo maana yangu ilisumbua zaidi kwenye mwanga mdogo kuliko mkubwa!

Ili kujua kelele inatokea wapi hasa, nilichukua redio ndogo, nikaiweka kwenye AM mahali pasipo na stesheni, nikaipitisha taratibu kando ya taa. Ilivuma kama nyuki waliochokozwa. Iliponguruma zaidi si kwenye kioo cha taa, bali kwenye waya unaotoka kwenye pakiti ya betri, nami nilikuwa nimeupitisha chini kabisa ya kompyuta.

Nikauhamisha waya, nikaubana na kipande cha feraiti (kizibo cha kuzuia kelele kwenye waya) karibu na taa, kisha nikaipeleka taa upande wa pili wa usukani. Kompyuta nikaisogeza upande wa kihisio. Sentimita chache zina maana kubwa hapa: uga wa sumaku wa karibu, unaobeba mdundo na kelele hizi, hupungua kwa mchemraba wa umbali, hivyo ukiongeza umbali mara mbili inabaki sehemu moja tu kati ya nane.

Anayenunua sasa achukue ya kidijitali ya gigahezi 2.4. Kila kihisio kina namba yake na kompyuta hukisikiliza hicho tu, hivyo kelele za taa ni nadra kuisumbua. Yangu ya zamani nimebaki nayo. Kasi inasomeka vizuri usiku, isipokuwa nikiweka taa kwenye kumetameta, ambapo bado hurukaruka kidogo. Kumetameta kwenyewe sikupendi, kwa hiyo nimeachana nako.