Siku moja ya muuza vikapu mtandaoni, Likoni

Saa kumi na moja alfajiri simu yangu huwa imejaa ujumbe wa usiku, na takriban wote unauliza jambo lile lile: "Mwisho ngapi?" Ninauza vikapu vya miyaa kutoka nyumbani, na jamaa zangu wangali wakiamini kwamba kazi yangu ni kubonyeza simu tu.

Saa nne nilivuka feri na mizigo miwili ya Nairobi, nikaifikisha Mwembe Tayari, ambako karani wa basi huukadiria mzigo kwa macho na mkapatana papo hapo. Mteja wa Kizingo alitaka apelekewe bure kwa kuwa "ni hapo tu"; ilinibidi nimweleze kwamba mwenda kwa miguu huvuka bila malipo, ila pikipiki hulipia feri, na mwenye bodaboda hawezi kuibeba gharama hiyo.

Saa nane mchana akaingia dada wa London. Alitaka vikapu vitatu. Nilisema shilingi 2,000 kila kimoja, akasema 1,500, tukakutana kwenye 1,750. Nilidhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Kwenye mizani mzigo ulikuwa kilo 3, lakini wasafirishaji wa ndege hupima na ukubwa pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, kisha wakatoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya hizo mbili. Boksi langu la 50 kwa 50 kwa 40 lilihesabiwa kilo 20.

"Dada yangu, kilo 17 nyingine zimetoka wapi? Hizo si za mfukoni mwako?"

Nilimtumia picha ya boksi na futi ikiwa juu yake, nikamwandikia hesabu, naye akajibu kwamba binamu yake hakuwahi kutozwa hivyo. Neno lile la mfukoni liliniuma kuliko punguzo lote aliloliomba. Jua likashuka nikiwa sakafuni navikunja vikapu bapa, nikitia kimoja juu ya kingine na kuvikalia, hadi vikaingia kwenye boksi la kimo cha sentimita 10, yaani kilo 5. Hesabu hii niliifunzwa na hasara ya mzigo wangu wa kwanza.

Usiku, sijui saa ngapi, alikubali. Kisha akauliza, kwa kuwa boksi limepungua hivyo, kama ningeweza kumtilia na mkeka.

Mkeka wenyewe ukikunjwa una urefu wa mita 2.