Kuzunguka dunia na begi mgongoni: anza na viza, ramani baadaye

Ratiba nyingi za kuzunguka dunia peke yako zilizojaa mtandaoni zimepangwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanaanzia London, wanapita Bangkok, wanavuka hadi Lima, na viza wanazishughulikia wakiwa njiani. Ukiwa na pasipoti ya Kenya na unaanzia Kisumu, Nakuru au Kakamega, ratiba hiyo itakwama bara la pili.

Sababu ni kwamba viza ngumu huombwa mahali unapoishi kisheria. Mkenya aliyeko Bangkok kwa matembezi akipeleka ombi la Schengen, viza moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, katika ubalozi wa nchi ya Ulaya ulioko huko, ataambiwa akaombe Nairobi. Na Nairobi kwenyewe huwezi kuomba mapema upendavyo: ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Piga hesabu. Ukitoka nyumbani Januari ukiwa na nia ya kuingia Ulaya Septemba, mlango wa kuomba unafunguka Machi, wakati wewe uko Asia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usichore duara moja. Toka mara mbili, Nairobi ikiwa katikati. Safari ya kwanza iwe Asia, kisha urudi, uombe viza, na ya pili iwe Ulaya na bara la Amerika. Wapo watakaosema hiyo si kuzunguka dunia. Waache waseme; wao hawapangi foleni unayopanga wewe.

Asia inafaa kutangulia kwa sababu baadhi ya nchi zake zinatupokea bila viza. Singapore, Malaysia na Ufilipino kila moja inampa Mkenya siku 30. Nepal hutoa viza uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. India ina viza ya mtandaoni. Tahadhari moja, kwa kosa ambalo hutokea mara nyingi: Singapore, Malaysia na Ufilipino zinataka ujaze fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na fomu hizo ni za bure. Ukijikuta kwenye tovuti inayokudai dola 40 kwa fomu hiyo, umeingia kwa wakala au tapeli. Funga, tafuta tovuti ya serikali.

Majira nayo yana neno. Novemba hadi Februari ni kiangazi sehemu kubwa ya Thailand na pwani ya magharibi ya Malaysia, lakini pwani ya mashariki ya Malaysia huwa inapigwa na mvua miezi hiyohiyo, na boti nyingi za visiwani hupumzika. Kwa milima ya Nepal, lenga Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili.

Sasa mahali ambapo safari nyingi hufia, na si kwenye dawati la uhamiaji. Ni kaunta ya shirika la ndege. Mhudumu pale anafungua mfumo uitwao Timatic, anaingiza uraia wako na unakokwenda, na mfumo unamwambia kama una ruhusa. Shirika likikupeleka mahali ukakataliwa, gharama ya kukurudisha ni yake, kwa hiyo mhudumu hana sababu ya kukuonea huruma. Mtu anayesafiri na tiketi za kwenda tu ndiye anayeshikwa zaidi: "Tiketi ya kutoka Malaysia iko wapi?" Jibu la "nitaamua nikifika" halikubaliki. Nunua tiketi ya bei nafuu ya kuvuka kwenda nchi ya jirani, yenye tarehe iliyo ndani ya siku zako, na uichapishe. Beba pia uthibitisho wa malazi ya usiku wa kwanza na taarifa ya benki. Simu huzima chaji palepale unapoihitaji.

Kuhusu tiketi moja ya kuzunguka dunia: ile ya oneworld, muungano wa mashirika ya ndege, kwa mfano, huhesabiwa kwa idadi ya mabara, 3 hadi 6, safari za ndege zisizozidi 16 ndani ya mwaka mmoja. Inavutia kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba usipotokea kwa safari moja, zile zinazofuata huweza kufutwa zote, na mwenye pasipoti yetu ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuchelewa kwa ajili ya viza. Nunua vipande vipande.

Angalia pia unakopitia. Uingereza inamdai Mkenya viza hata akibadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani, isipokuwa awe na moja ya vibali vinavyosamehewa. Marekani haina kupita bure kwa asiye na viza: ukinunua tiketi ya kwenda Amerika ya Kusini kupitia Miami, unahitaji viza ya Marekani. Kwa São Paulo, njia zisizo na kero hiyo ni kupitia Addis Ababa au Johannesburg. Afrika Kusini imeondoa viza kwa Wakenya tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, kwa hiyo unaweza hata kulala siku kadhaa. Brazil yenyewe inataka viza, na hiyo ishughulikie kabla hujaondoka.

Viza ya Marekani yenye ruhusa ya kuingia mara nyingi inafanya kazi zaidi ya ile iliyoombewa. Mexico humruhusu mwenye viza hai ya Marekani kuingia bila viza yake. Viza ya Schengen nayo inakubaliwa huko Mexico, ila ukipewa ya kuingia mara moja, inakufa siku unapotoka Ulaya, hivyo usiitegemee kukuvusha. Ndiyo sababu ni busara kujaza DS-160, fomu ya kuombea viza ya Marekani, na kutafuta tarehe ya mahojiano kwenye ubalozi wao Gigiri, Nairobi, mwanzo kabisa, hata kabla ya safari ya Asia, kwa kuwa foleni hiyo ndiyo ndefu.

Schengen yenyewe: euro 90 kwa mtu mzima, hazirudishwi ukinyimwa. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Bima iwe na kiwango cha angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa 2 tupu. Stika ikitoka, soma mistari miwili tofauti. Mmoja unaonyesha tarehe za kuanzia na kuishia, mwingine idadi ya siku. Watu wengi huona "kuanzia Mei 1 hadi Juni 30" wakadhani wamepewa miezi miwili, kumbe kwenye mstari wa siku pameandikwa 20. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Ulaya ilianza kusajili alama za vidole na kuhesabu siku kwa kompyuta, kwa hiyo zile hadithi za kuzidisha siku bila kuonekana zimeisha. Na kwenye taarifa ya benki, usiombe jamaa wakuwekee laki tatu wiki moja kabla. Afisa anaangalia mwendo wa miezi, na pesa iliyodondoka ghafla inamtia shaka kuliko salio dogo linalokwenda sawasawa.

Pasipoti chukua ya kurasa 66 badala ya 34. Kujaza kurasa ukiwa Bolivia ni balaa: balozi zetu Amerika ya Kusini ni chache mno.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio la karibu. Kutoka Kisumu, Busia si mbali, na kwa kitambulisho tu Mkenya anavuka hadi Uganda na Rwanda. Lakini tumia pasipoti, ili uanze kuwa na mihuri ya kwenda na kurudi kwa wakati. Wiki mbili za Kampala na Kigali, begi likiwa limejaa kama la safari kubwa, zitakuonyesha vitu vya kuacha nyumbani.

Begi lenyewe usilinunue jipya. Soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili, au mitumba ya Nakuru, mabegi mazuri ya kupandia milima yanapatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Lita 40 zinatosha. Ligeuze ndani nje. Ule utando wa plastiki ndani ya kitambaa ukiwa unanata vidoleni au unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, liache. Umeoza kwa unyevunyevu na haurekebishiki. Vuta zipu mara kadhaa ukiwa umekunja kona. Bonyeza sifongo ya mkanda wa kiuno: ikibaki imebonyea, imekufa. Mshono wa mabega ukiwa umelegea si tatizo, fundi wa viatu ataushona upya kwa uzi wa nailoni, mwambie apitishe mara tatu.

Kulivaa kuna mpangilio. Legeza kila kitu, funga kwanza mkanda wa kiuno juu ya mfupa wa nyonga, kisha kaza mabega, mwisho kifua. Uzito mwingi ubebwe na nyonga. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati, si chini. Panda nalo mlima Menengai, Nakuru, likiwa limejaa. Likikuuma kabla ya kufika juu, litakuua Cusco, mji wa milimani Peru. Jumla isizidi kilo 7 kama utatumia ndege za bei nafuu za Asia, maana nyingi hupima begi la mkononi kwa kiwango hicho. Pawabenki ikae begi la mkononi daima na isizidi saa-wati 100, yaani takriban mAh 27,000. China, tangu Juni 2025, hairuhusu ndani ya ndege zake za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China.

Tukitaja Cusco: iko mita 3,400, na La Paz ya Bolivia zaidi ya 3,600. Mtu wa Nakuru anayelala mita 1,850 asijidanganye kwamba ameshazoea. Juu ya mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku.

Pesa: kadi mbili za benki tofauti, zisikae mfuko mmoja. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kulipia hosteli na tiketi, lakini haitoi noti kwenye mashine. Mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa pesa ya nchi hiyo, chagua pesa ya nchi hiyo. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje kabla hujaondoka, kwa sababu benki itatuma nambari ya siri kwenye laini yako ya Kenya, na usiiache laini ilale miezi mpaka ifungwe.

Chanjo ya homa ya manjano haina mjadala. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na kinadumu maisha yote tangu mabadiliko ya 2016. Ukifika India kutoka Kenya bila hicho, wanaweza kukutenga hadi siku 6.

Malaria ndiyo inayosahaulika na watu wa ziwa. Ukishikwa na homa ukiwa Ufilipino wiki ya pili, mwambie daktari mapema kwamba umetoka Kisumu, kwenye malaria, la sivyo atapima dengue na mafua kwanza. Na ile kinga kidogo ambayo mwili ulijijengea kwa kuumwa na mbu tangu utotoni hupungua ukikaa nje muda mrefu. Ukirudi kati ya safari mbili, lala ndani ya chandarua kama mgeni, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo.