Goti langu na futi ya Mama fundi cherehani

Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa namkaba winga, akageuka, nami nikageuka naye, njumu ikang'ang'ania kwenye nyasi, nikasikia "paa!" ndani ya goti la kushoto. Hadi usiku lilikuwa limevimba, pia ya goti haionekani.

Linaloniuma mpaka leo ni wiki tatu nilizopoteza nikikandwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta, eti "ni mshtuko tu, utacheza Jumamosi". Kano ya mbele ya goti (ACL), ile ya ndani inayoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi, ikikatika haiungwi kwa kuchuliwa! Kipimo cha MRI kilionyesha imekatika yote, na gegedu limechanika. Upasuaji, magongo, nauli za kwenda na kurudi, ilifika kama milioni nne hivi. Klabu ilitoa nusu. Nusu nyingine ni ng'ombe wa baba.

Daktari alichukua kano za nyuma ya paja langu akanitengenezea kano mpya. Miezi ya mwanzo kano hiyo ni dhaifu, kwa sababu mwili bado haujaipitishia damu vizuri, lakini maumivu yameshaisha, kwa hiyo unajiona mzima. Mimi nilijiona mzima mwezi wa tano baada ya upasuaji. Kocha akaniambia, "Mdogo wangu, dakika ishirini tu." Niliingia mechi ya kirafiki, nikarukia mpira wa kichwa, na nilipotua goti likacheza. Nilikaa chini palepale nikalia mbele ya watu.

Kwa bahati kano haikukatika. Dada wa fiziotherapia hakunigombeza. Alinisimulia habari za Ronaldo, yule Mbrazili. Alifanyiwa upasuaji wa goti Novemba 1999, akarudi uwanjani Aprili 2000 kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, na dakika chache tu baada ya kuingia, kano inayoshika pia ya goti ikakatika. Miezi mitano, kama mimi. Safari ya pili hakuharakishwa, na mwaka 2002 alifunga mabao 8 kwenye Kombe la Dunia, mawili kwenye fainali dhidi ya Ujerumani.

Nikaanza upya. Goti lilikuwa halinyooki kabisa, basi kila jioni nilikunja kanga nene nikaiweka chini ya kisigino, juu ya goti nikaweka mfuko wa mchele wa kilo mbili, dakika kumi. Usidharau hilo, goti lisiponyooka huwezi kukimbia.

Paja ndilo lililonitesa. Lilikuwa limekonda, na kwa macho huwezi kujua linaongezeka au la. Nikamwendea Mama fundi jirani yetu. Kila Jumapili alipima kwa futi yake ya kushonea mapaja yote mawili, vidole vinne juu ya pia ya goti. Mara ya kwanza tofauti ilikuwa sentimita nne. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda ngazi na ndoo ya mchanga, wiki nyingine hakuna kitu, wiki nyingine ananiambia, "Mwanangu, umeongeza nusu," na siku hiyo nilikula vizuri.

Kocha alinipigia tena mwezi wa nane. Nilimkatalia. Nilisubiri mpaka mguu wa kushoto ukaruka karibu sawa na wa kulia, na mwezi wa kumi na moja nikacheza dakika 90.

Kesho yake nilipita kwa Mama fundi. Akanipima, akaandika namba mbili zinazolingana kwenye daftari lake, katikati ya vipimo vya gauni la harusi na sare za shule.