Ile bendi ya 55

Enzi hizo niko Toronto nasoma masters, maabara ya misuli ya moyo, na kazi yangu yote ilizunguka protini moja inaitwa kalisekwestrini, ile ya moyo, CASQ2. Kwa asiyeijua: kila pigo la moyo linaanza na kalsiamu kidogo inayoingia kwenye seli, hiyo inafungulia kalsiamu nyingi zaidi iliyowekwa kwenye vifuko vya ndani ya seli, msuli unakaza, halafu pampu zinairudisha ndani msuli ulegee. Humo kwenye vifuko CASQ2 ndo ghala lenyewe, molekuli moja inabeba kalsiamu kama 40 au hata zaidi, na inazishika kwa ulegevu ili zikihitajika ziachiwe hapohapo. David MacLennan na P.T.S. Wong ndo waliitenga protini ya jamii hii kwa mara ya kwanza, kutoka misuli ya sungura, mwaka 1971, tena Toronto hiyohiyo, na mimi hilo lilikuwa linanipa raha kila nikiingia kazini.

Na sio protini ya kuchezea. Mwaka 2001 ilionekana kwamba kwenye familia za Wabedui huko Israeli, asidi amino moja tu ikibadilika kwenye hii CASQ2, mtoto anazimia akikimbia au akishtuka, wengine wanafariki palepale, na ukimpima umeme wa moyo (ECG) akiwa ametulia haioneshi kitu. Wengi wanaishia kutibiwa kifafa. Nlikuwa nawaza ni watoto wangapi kwetu wanaanguka wakicheza mpira alafu tunasema ni mapepo.

Sasa kwenye friza tulikuwa na antibodi mbili za CASQ2, yaani protini za kunasa hiyo tu na kuionesha ilipo, kampuni tofauti. Moja ndo kila mtu alikuwa anaitumia kwa sababu ilikuwa inatoa bendi (alama ya protini) nzuri, nene, moja tu, kwenye 55 (kilodaltoni, uzito wa protini), pale pale inapotakiwa. Nikaendesha bloti yangu (protini zinatenganishwa kwa uzito kwenye jeli, alafu antibodi inaonesha ile unayoitafuta), moyo wenye afya na moyo uliochoka, ulioshindwa kusukuma damu vizuri, na kwenye uliochoka bendi ikashuka vizuri kabisa. Nikaenda kumwonesha dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa postdoc pale (mtafiti aliyeshamaliza PhD), ambaye tukiwa wawili tulikuwa tunaongea Kiswahili tu. Akaitazama muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Lakini mdogo wangu, hiyo antibodi umeipima na nini?"

"Dada, si bendi iko 55?"

"55 pana watu wengi hapo. Desmini iko jirani, tubulini iko jirani. Nitafutie moyo usio na CASQ2 kabisa, tuone itasema nini."

Maabara ya jirani walikuwa na panya waliotolewa jeni ya CASQ2 (wanaishi, ila mapigo yao yanavurugika wakichoshwa), wakatupa mioyo kadhaa. Tukatenga vile vifuko kwa sentrifuji, tukaendesha jeli tatu pacha, mbili za antibodi, moja kila aina, na ya tatu dada akasema hii hatuipi antibodi yoyote, hii tunaitia Stains-All. Ni rangi ya zamani, protini za kawaida zinakuwa pinki ila zile zenye asidi nyingi zinazoshika kalsiamu zinatoka bluu. Inataka uvumilivu, inabidi uoshe SDS yote (sabuni ya kwenye jeli) itoke kwanza maana ikibaki inaharibu, alafu rangi yenyewe haipendi mwanga, tukaifunika boksi kwa foili tukaiacha usiku kucha.

Asubuhi nikafungua. Jeli nzima pinki iliyokolea, na kwenye mstari wa panya wa kawaida, pale 55, bendi moja ya bluu iliyokoza kama wino wa kalamu. Mstari wa pembeni, wa panya asiye na hiyo jeni, pale pale hakuna. Nikadhani labda huo mstari rangi haijashika lakini dada akaniwekea kidole juu kabisa ya jeli, kuna bendi nyingine ya bluu hafifu, hiyo ni HRC, protini nyingine inayoshika kalsiamu humohumo kwenye vifuko, na ilikuwepo kwa wote wawili sawasawa. Kwahiyo rangi ilishika, CASQ2 tu ndo haipo. Nlisimama pale na ile jeli mkononi nikahisi kabisa kwamba nimeiona protini yenyewe kwa macho yangu.

Tukaleta zile bloti mbili. Ile antibodi ambayo haikuwa inatumiwa na mtu ilitoa bendi kwa panya wa kawaida, na kwa yule mwingine ikawa tupu, inakubaliana na bluu mpaka ukingoni. Ile pendwa ilitoa bendi nene kwa wote wawili. Yaani ilikuwa inashika kitu kingine kabisa chenye uzito wa karibu hivyohivyo, na kwenye karatasi yake imeandikwa CASQ2, imethibitishwa.

Dada hakusema neno, akachukua maka peni akaandika kwenye tyubu zote za ile pendwa "SI CASQ2" akazirudisha friza ili anayekuja asije akainunua tena.

Nikarudia kazi yote kwa ile ya pili. Kwenye moyo uliochoka CASQ2 haikushuka, ilikaa vilevile, sampuli baada ya sampuli, na grafu iliyoingia kwenye thesis ni hiyo, na ile jeli ya bluu na pinki nimeiweka pembeni yake.