Ndoo ya Tukuyu na maji ya chini kule Matema

Naanza na ndoo maana ndoo ndiyo iliyoniudhi kwanza. Nilifika Tukuyu saa mbili usiku, mvua inanyesha ile ya kwao isiyojua kupumzika, nikachukua chumba gesti moja kwa sh 25,000 kwa sababu moja tu, waliandika mlangoni MAJI YA MOTO YAPO. Nikauliza ni ya bombani? Dada wa mapokezi akajibu utaletewa. Kweli nikaletewa, ndoo inafuka mvuke, nikachota kopo la kwanza nikajimwagia begani, yakaniunguza. Nikaingiza mkono ndani nione, na kabla hata kiwiko hakijazama vidole vikakutana na baridi ya kuuma mifupa. Yaani ndoo moja, maji aina mbili. Walijaza ya bomba karibu robo tatu wakamiminia ya moto juu taratibu, hakuna aliyekoroga.

Nilitoka kugomba na sijutii. Elfu ishirini na tano Tukuyu ni pesa, na mtu wa Mafinga huwezi kumdanganya kwenye maji ya kuoga, sisi kule mwezi wa saba tunaamka nyasi nyeupe kwa barafu. Mama yangu akichanganya maji ya wageni anakunja sleeve, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anazungusha mara tatu nne, ndipo anakuita. Wale hata kijiti hawakutia.

Safari ya kesho yake siisimulii, migomba, kakao, na kubanana kwenye kosta watu wanne siti ya watatu mpaka Ipinda, kisha bodaboda. Nilikuwa naenda Ikombe kumnunulia mama chungu cha kupikia maharage, maana vyungu vya akina mama wa Kikisi vinasifika mpaka kwetu na cha kwake kilikuwa kimepasuka.

Matema, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikapatana na boti, sh 40,000 kwenda na kurudi tukichangia na abiria wengine. Tumeshaingia ndani kijana wa injini anasema mafuta yamepanda, kila mtu aongeze elfu tano. Tukaongeza, ungefanyaje, ufukwe umeshaachwa nyuma. Haikupita nusu saa injini ikakohoa, ikazima, na haikuwaka tena kwa karibu saa tatu.

Pale tulipozimikia, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, hakuna ufukwe, hakuna mchanga, ni ukuta wa kijani halafu maji meusi. Upepo ukawa unatusukuma taratibu kuelekea kwenye mawe, kijana akatupa nanga. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha yote, ikabaki inaning'inia wima kama ya kisimani. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa mbele, ambaye tangu mwanzo hakusema neno, akamwambia, "Vuta tu mwanangu, hapa hakuna chini."

"Chini ipo baba," akasema dada mmoja aliyekaa pembeni yangu, "ila ni mbali. Ziwa hili kina chake kirefu kabisa ni kama mita 700."

Nikamuuliza kajuaje. Ni mwalimu wa jiografia sekondari, mzaliwa wa Pemba, ameolewa huku Kyela, chuo alisomea mambo ya bahari. Na pale pale, jua la saa sita linatuchoma na mtoto wa abiria mwingine analia, akasema jambo ambalo mpaka leo linanirudia nikiwa peke yangu. Kwamba ukishuka kama mita 200 na ushee kwenye hili ziwa, hewa inaisha, oksijeni hakuna, samaki haishi huko, hakuna usipa wala mbasa. Theluthi mbili ya kina cha ziwa palipo na kina kirefu ni maji ambayo samaki hawezi kupumua. Mzee akatikisa kichwa polepole, kisha akaitikia, "Ndiyo maana. Nyavu zetu hazina haja ya kwenda huko."

Nikauliza kwa nini. Mwalimu akasema maji ya juu yana joto, yanafika nyuzi 28 hivi msimu wa joto, ya chini nyuzi 22 na kitu, na tofauti ndogo hiyo inatosha. Maji ya joto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi mazito yanakaa chini, na bila mtu wa kukoroga hayachanganyiki.

Hapo nikamsimulia ndoo ya Tukuyu, na bado nilikuwa na hasira nayo. Akanishika mkono kabisa, "Kaka, wewe jana umeoga Ziwa Nyasa!"

Nikamuuliza, basi bahari nayo chini imekufa hivyo hivyo? Maana bahari ina kina cha wastani wa mita 3,700 hivi, zaidi ya mara tano ya hapo tulipokuwa tunaelea. Akasema hapana, na hiyo ndiyo ilimfanya asome. Bahari ina hewa na wadudu wake mpaka kwenye vilindi vya mwisho kabisa, na maji ya huko ni ya baridi kama friji, nyuzi 2 au 3, hata hapa kwetu karibu na ikweta ambapo juu unaogelea kama kwenye maji ya uvuguvugu.

Akanipa kisa cha zamani. Mwaka 1751 nahodha Mwingereza, Henry Ellis, meli yake ikiwa kwenye biashara ya watumwa, alishusha kwenye Atlantiki ndoo iliyotengenezwa maalumu, ina vifuniko vya kujifunga, akapandisha maji ya chini sana yakawa baridi wakati juu ni joto kali. Akayatumia kuogea na kupozea mvinyo. Nilinyamaza kidogo hapo. Mtu yuko njiani kwa biashara ya kuuza binadamu anafurahia mvinyo wa baridi, na ndiye anaingia kwenye historia ya sayansi. Mwalimu naye alinyamaza, kwao Pemba na Unguja hiyo biashara si hadithi ya mbali.

Sasa baridi ile ilitoka wapi, wakati juu yake kuna jua tupu? Imetoka kwenye ncha za dunia. Kule kaskazini karibu na Greenland na kusini kwenye pwani ya Antaktika maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na yanaposhuka yanabeba hewa, kisha yanatambaa chini kwa chini kuzunguka dunia nzima. Ziwa letu halina ncha ya baridi ya hivyo.

Mimi nikadhani hapo hadithi imekwisha, baridi inazama basi bahari inazunguka. Akasema hapo ndipo wengi wanakosea, akanirudisha kwenye ndoo. Chukua ndoo yenye maji ya moto juu, weka mpira chini unaingiza maji ya baridi mfululizo, itakuwaje? Nikasema baridi itajaa mpaka juu. Ee. Bahari inamiminiwa baridi kwa maelfu ya miaka, kwa nini haijajaa? Kwa nini joto bado linashuka mita mamia na mamia badala ya kubaki utando mwembamba juu? Lazima kuna kinachokoroga, kinachoteremsha joto chini ili yale ya baridi yapate wepesi, yapande, yapishe mengine. Kisipokuwepo, baada ya miaka elfu chache bahari inakuwa bwawa la baridi lililotulia, na kule chini hewa inakwisha kama hapa. Mimi nilikuwa naelewa kuzama, kumbe kazi kubwa iko kwenye kupanda.

Mtu aliyeipigia hesabu ni Walter Munk wa Marekani, mwaka 1966. Alipata kwamba maji ya vilindini yanapanda kama sentimita 1 kwa siku. Nikatoa simu, chaji asilimia kumi na moja, nikapiga, mita 4,000 ni sentimita 400,000, siku 400,000, karibu miaka 1,100. Mzee akaniomba nimuoneshe. Akatazama namba ile kwenye kioo akarudisha simu, akayatazama maji.

Na mkorogaji ni nani? Mwaka 1998 huyo Munk na mwenzake Carl Wunsch walikadiria kwamba kazi hiyo inahitaji nguvu ya kama megawati milioni 2, yaani zaidi ya mara 900 ya Bwawa la Nyerere lile la Rufiji likifanya kazi lote, na kwamba karibu nusu inatoka kwenye mwezi, nusu kwenye upepo. Mwezi kwa njia ya kupwa na kujaa. Mwalimu alipofika hapo sauti ilibadilika, akasema utotoni alikuwa anafuata mama yake kuokota chaza maji yakipwa, anaona bahari nzima inaondoka na kurudi, hakujua kwamba msukumo huo huo unafika hadi kwenye milima ya chini ya bahari. Akaonesha ukuta wa Livingstone juu yetu. "Huko chini ipo kama hii. Maji yakisukumwa huku na huku juu yake yanazaa mawimbi ya ndani kwa ndani, wewe uliye juu huyaoni, yakivunjika ndiyo kukoroga kwenyewe." Akasema walishawahi kumwaga vilindini mbele ya Brazil kemikali ya kufuatilia, miaka ya tisini, wakaona palipo tambarare maji karibu hayachanganyiki, ila juu ya milima yenye mabonde na makorongo yanachanganyika mara kumi na zaidi.

Upepo nao una njia yake nyingine, ule mkali unaozunguka Antaktika unayavuta maji ya vilindini mpaka juu bila kusubiri mkorogo, na wataalamu bado wanabishana mgao ukoje kati ya huo na milima. Ziwa letu lina upepo, ukivuma sana unanyanyua kidogo na virutubisho vinapanda, lakini kwa mwezi ni dogo mno, kupwa na kujaa huwezi kukuona kwa macho.

Boti nyingine ilitukuta saa tisa, ikatuvuta, na bado tukatozwa elfu kumi kila mtu kwa kuvutwa, hakuna aliyerudishiwa hata shilingi. Hilo sijalisamehe. Ikombe nilikaa dakika arobaini. Mama mmoja alinipigia chungu kwa ukucha nisikie kinavyolia, nikalipa bila kupunguziwa, akakifunga kwa majani makavu ya mgomba. Mwalimu nilimuaga pale, ndaga fijo, hata namba sikuchukua maana simu ilishazima.

Mafinga nilifika usiku. Kamwene, kamwene, mama akapokea chungu akakigeuzageuza kwenye mwanga, akaingia jikoni akanibandikia maji. Yalipochemka nikamwambia leo nachanganya mwenyewe. Nikatia ya bomba kwanza, nikamiminia ya moto juu polepole kama walivyofanya wale wa Tukuyu, nikazamisha mkono bila kuutikisa. Ilikuwa vile vile, joto, halafu ghafla baridi, mpaka wake unausikia kabisa kwenye ngozi kama uzi. Nikabaki nimeinama hapo.

"Unangoja nini," mama akasema mlangoni, "koroga, yanapoa."